Cherehani Iliponyamaza

Mtakaosoma haya naomba mnivumilie. Mkono wangu huandika polepole, herufi zangu huinamia upande mmoja kama watu waliochoka kusimama kwenye foleni, na tahajia yangu haijawahi kusifiwa na mtu. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo nimefanya kazi kwa masikio kuliko kwa kalamu. Nimemwomba mhariri anyooshe palipopinda. Asiponyoosha, someni kwa sauti. Nadhani mtanielewa vizuri zaidi mkinisikia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni chakula cha mchana. Jumamosi iliyopita tulikutana watatu kwa Njoki, huko Pipeline, kwenye ghorofa za juu ambako dirisha la jikoni linatazamana na dirisha la jirani kwa karibu, hata mnaweza kupokezana chumvi bila kutoka nje. Tulikuwa mimi, Njoki na Mutinda, na hatukuwa tumekaa meza moja sisi watatu kwa miaka mingi. Mutinda, aliyekuwa akipiga gitaa la besi mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, sasa vidole vimemkunjika na kijiko anakishika kwa ngumi. Njoki, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyamaliza hospitalini akipima mawimbi ya ubongo, sasa ana kifaa cha kusikia nyuma ya sikio. "Siku hizi nasikia kwa betri," alituambia, "kwa hivyo mkitaka kunisengenya ngojeni ziishe." Tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kabichi, chai ikafuata, na pampu ya maji ya jengo ikawa inanguruma chini yetu bila mtu kuijali. Mjukuu wa Njoki, kijana wa chuo kikuu, akapita akielekea nje. "Niaje shosh," alinisalimia kama bibi yake, kisha akasimama. "Ni kweli wewe ndiye ulikuwa unatengeneza sauti za michezo ya redio? Na za filamu? Kwani ulisomea wapi?" Kabla sijameza chai, wale wazee wawili wakajibu kwa pamoja: "Kwangu!"

Basi vita vikaanza. "Kwako wapi?" Mutinda alisema. "Huyu nilimfundisha muziki mimi. Asingejua muziki angekuwa anagonga vifuniko vya sufuria mpaka leo." Njoki akarekebisha kifaa chake ili asikose neno. "Muziki ungemfikisha wapi, Mutinda? Mimi ndiye niliyemfungulia kichwa." "Ulimpaka gundi kichwani, hicho ndicho ulichofanya." "Na wewe ulimpeleka kwenye harusi ya watu asiyoalikwa!" Kijana wa chuo alisahau alikokuwa akienda, akakaa kwenye mkono wa kochi akicheka. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini sikujibu swali lake. Nimekuwa hivyo tangu utotoni: maneno yangu yakifika mdomoni, mazungumzo huwa yameshafika kwingine. Kwa hivyo ninamjibu hapa, polepole, kwa mkono huu huu uliopinda.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, miaka ya sabini ikielekea kuisha. Nilikuwa nakaa na shangazi yangu Mumbua huko Mbotela, chumba kimoja katika zile nyumba za baraza la jiji tulizoziita nyumba za kanjo. Chumba kile naweza kukichora kwa sauti peke yake. Pazia lililogawa kitanda cha shangazi na changu lilikuwa na pete za chuma, na kwa namna zilivyosuguana ungejua shangazi ameamka vizuri au ameamka na neno. Jiko la makaa lilikuwa kibarazani, likidondosha majivu. Redio ya jirani ilikuja kupitia ukutani bila kubisha hodi. Na chini ya dirisha, palipokuwa na mwanga, ilikaa cherehani ya shangazi, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, ikishona sare za shule na nguo za harusi kuanzia chai ya asubuhi hadi giza liingie. Shangazi alishona akiwa na pini midomoni, safu nzima, na alikuwa na ustadi wa kuagiza kila kitu kupitia pini hizo. "Kalekye, m'ji," alisema, nami nikajua ni maji. Neno moja tu, "Karibu," ndilo alilozitolea pini zote kiganjani, kwa sababu kumkaribisha mtu na mdomo uliofungwa aliona ni aibu. Alinipenda shangazi. Alikuwa ameshanitafutia nafasi kwenye kiwanda cha sare upande wa Viwandani, nianze mwaka mpya ukiingia, na kila jioni aliniketisha kwenye cherehani nijizoeze. Nilishona vibaya sana. Mshono wangu ulitembea kama mtu anayetoka kilabuni.

Nilikuwa kwenye kwaya ya kanisa, safu ya nyuma. Nasema nilikuwa kwenye kwaya, lakini kwa kweli mdomo ulifunguka tu; sauti ilibaki tumboni. Nyuma ya kanisa, karibu na barabara ya Jogoo, kulikuwa na stoo iliyogeuzwa studio. Kuta zake zilibandikwa trei za mayai na magunia ili sauti isirukeruke, na humo ndimo michezo ya kuigiza ya Kiswahili ilimorekodiwa ikapelekwa redioni kuchezwa Jumapili alasiri. Mkuu wa studio, mwandishi wa michezo na fundi wa mitambo alikuwa mtu mmoja, Bwana Odero, mrefu kama mlingoti, mkaazi wa Makadara. Siku moja kwaya yetu iliingia kurekodi. Tulikuwa ubeti wa pili Bwana Odero alipotusimamisha, akavua vipokea sauti masikioni. "Kuna mtu ananipigia miguu," alisema. "Nani amevaa akala humu ndani?" Kwaya nzima iligeuka ikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa akala za Kariokor, zile za matairi, na bila kujua nilikuwa nikifuata mdundo kwa kisigino. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Toka mstarini," alisema Bwana Odero. "Tembea hadi mlangoni." Nikatembea. "Rudi. Sasa tembea kama umechoka." Nikaburura kidogo. "Sasa tembea kama unaenda kwa mchumba na hutaki majirani wajue." Kwaya ikaangua kicheko, na nilikuwa na haya kiasi kwamba sikuona pa kukimbilia ila kwenye kutembea kwenyewe. Nikatembea kwa mchumba. Bwana Odero akarudisha vipokea sauti masikioni, akafumba macho. "Ai yawa! Hapo hapo," alisema. "Miguu hiyo nimeitafuta tangu Pasaka." Tangu siku hiyo nikawa mtu wa sauti. Nilifungua milango, nikamimina chai, nikakatakata sukuma wiki mbele ya maikrofoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa katika chumba chenye watu bila mtu kunitaka niongee.

Mchezo wangu wa kwanza ulichezwa nikiwa mferejini kuchota maji, redio ikiwa dirishani kwa mtu. Ulikuwa wa meneja wa benki, mtu mkubwa mwenye suti. Hatua zake nilizitembea mimi. Alipoingia ofisini kwake, mama mmoja aliyekuwa akifua aliinua kichwa. "Haki huyu meneja amevaa akala!" Mwingine akadakia, "Suti amekodi, viatu alivyokuja navyo ni hivyo." "Mwulize ni za Kariokor au za Gikomba." Foleni yote ya madebe ikacheka. Masikio yaliniwaka moto. Nilibeba debe langu likiwa nusu nikaenda zangu. Lakini nilipofika mlangoni nilisimama, maji yakinimwagikia begani, kwa sababu kitu kilikuwa kimenijia ghafla hata nikasahau aibu. Hakuna aliyemwona yule meneja. Hakuwepo. Na bado mfereji mzima ulijua amevaa nini miguuni, mara moja, bila kufikiri. Mlango wa aina gani huo, nilijiuliza, unaokuingiza vichwani mwa watu kwa kasi hivyo? Wiki iliyofuata nilimwazima mzee wa kanisa viatu vyake vya ngozi, na sijawahi tena kumvisha mtu viatu visivyo vyake.

Mutinda ndiye aliyepiga muziki wa michezo yetu, kinanda na gitaa. Siku za kazi alikuwa akichonga vinyago katika karakana moja upande wa Pumwani, twiga na vifaru, na alikuja studio na vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliniona nikilitazama gitaa lake la besi nyuzi nne, akanipa nilishike. Hakunifundisha nyimbo. Alinipa sauti moja tu, niipige sawasawa wakati yeye anaimba juu yake chochote kilichomjia, na nikiharakisha alikuwa akinigonga goti. "Wee Kale, unakimbizwa na nani?" Siku nyingine alinipeleka kwenye ukumbi wa mtaa, harusi ya watu nisiowajua, bendi yake ikiwa imealikwa. Alinisimamisha nyuma ya spika. "Usiwatazame nyuso," alisema. "Tazama miguu." Katikati ya wimbo, magitaa yakilia na ukumbi mzima ukicheza, aliinua mkono wake kutoka kwenye nyuzi, tu, akaniangalia. Wachezaji waliendelea, lakini kama watu waliokanyaga ngazi isiyokuwepo. Mzee mmoja alitazama sakafu. Mama mmoja akamtupia mpiga ngoma jicho la hasira. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Mutinda. Kisha akarudi, dum, na nyuso zote zikafunguka, na wao wenyewe hawakujua kwa nini.

"Nenda ukamwulize yule msimamizi wa bibi harusi kama alisikia besi," alininong'oneza. Nilikataa, akanisukuma. Nikamwuliza. "Besi gani?" alisema yule dada akijipepea. Mutinda alicheka mpaka akapoteza wimbo. "Umeona? Besi haisikiki. Besi inakosekana. Na ukitaka ikosekane vizuri usiikate mwisho wa mstari, maana hapo kila mtu anangoja mwisho. Ikate mguu ukiwa bado juu." Nilirudi Mbotela nikitembea kwa mdundo huo, nikisimama katikati ya hatua kama mwendawazimu, nikiusikiliza mwili wangu ukiuliza mbona hujakanyaga.

Njoki alikuwa mwigizaji wetu wa sauti za akina mama, ingawa hakuwa amezaa bado. Wengine walisema anafanya kazi ya kusoma mawazo ya watu. Yeye alicheka. "Mawazo? Ningekuwa nayasoma ningekuwa tajiri. Mimi nabandika nyaya." Mashine yao ya hospitalini ya kupima mawimbi ya ubongo ilikuwa imetoka kutengenezwa, wakawa wanahitaji kichwa kizima cha kuijaribia, na Njoki akanichagua mimi. "Chako kitafaa," alisema. "Hakina kelele." Ilibidi nifumue nywele zilizokuwa zimesukwa vizuri. Alinilaza kwenye kitanda chembamba katika chumba chenye mapazia mazito, akanipaka gundi ya baridi kichwani hapa na pale, akabandika nyaya nyingi mpaka nikajihisi nimekuwa kiwanda cha umeme. Pembeni yangu kalamu nyembamba zilianza kutembea juu ya karatasi ndefu iliyokuwa ikijikunjua, zikikwaruza kwa pamoja kama panya kwenye dari. "Hizo ni mimi?" niliuliza. "Hizo ni wewe. Sasa tulia, sinzia ukitaka."

Nilikuwa karibu kupotelea usingizini aliposimama upande wa pili akapiga kofi. Baadaye kidogo akapiga tena, na tena, kwa mwendo uleule. Kisha akagonganisha vijiko. Alipomaliza aliniita nione, nyaya zikining'inia kama rasta. Kwenye kofi la kwanza kalamu zilikuwa zimechora mlima. Kwenye la pili kilima. Baadaye uwanda mtupu, kana kwamba hakuna aliyepiga kofi lolote, ingawa mimi nakumbuka niliyasikia yote. Kwenye vijiko, mlima tena. "Sikio limelala?" niliuliza. "Sikio halijalala, liko kazini," Njoki alisema. "Ni ubongo. Mara ya kwanza unauliza, nini hiyo? Ukishaijua unasema, hiyo naijua, tuendelee na mengine. Kitu kipya kikija, unauliza tena." Nikafikiria miguu ya watu wa harusi. "Na kitu ulichokizoea kikikoma?" Njoki aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Mara nyingine nacho huushtua," alisema. "Si kila mara. Hata madaktari wetu wanabishana. Lakini wewe mtoto, hilo umelitoa wapi?"

Nilimwambia nimelitoa harusini. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa ugomvi wao unaoendelea mpaka leo, maana wiki ile ile Njoki alimwendea Mutinda studio akamwambia kwamba anachokifanya kwa besi kina sababu yake kichwani, na Mutinda akamjibu kwamba kichwa kimejifunza kwa besi. Walibishana mbele yangu mchana kutwa, juu ya mandazi, na mimi katikati nikigeuza shingo. Shangazi, aliponiona nimerudi na nywele zimesimama kwa gundi, aliondoa pini mdomoni. "Wamekutengeneza au wamekuharibu?" Aliniosha kichwa kibarazani kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akisugua kama anaosha sufuria, nami nikimweleza habari za milima na vilima. "Kwa hiyo umetoka hapa hadi hospitali," alisema, "kwenda kuambiwa kwamba mtu huzoea kelele."

Karibu na mwisho wa mwaka lilikuja sanduku. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameitumia studio santuri za sauti, nyingi, zimepangwa vizuri: milango, mvua, mbwa, umati wa watu, treni. Bwana Odero alifurahi kama mtoto, na haki ya kufurahi alikuwa nayo, maana alikuwa akifanya kazi ya watu wanne. Tulizicheza zote. Mlango ulilia kwa huzuni kama wa jumba la msituni. Mbwa alibweka kwa sauti ya mbwa aliyeshiba. "Mbwa huyu hajawahi kufika Mbotela," Mutinda alisema. Lakini kamati ya kanisa ilipenda. Mchezo wa Krismasi ukishachezwa, ilisema, itaamua kama studio inahitaji kuajiri mtu wa sauti au sanduku linatosha. Bwana Odero aliniambia hayo bila ubaya wowote. "Sanduku haliumwi, Kalekye. Haliendi likizo. Nionyeshe kitu ambacho sanduku hakina, nami nitawapigania." Nilijua kinachoningoja nisipokionyesha. Kiwanda cha sare kilikuwa kimeshatuma ujumbe kwamba nije Januari.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mama fundi wa nguo ambaye mwanawe alipotelea mji mwingine bila habari, na siku ya Krismasi anarudi. Njoki alikuwa mama. Mwishoni Bwana Odero alikuwa ameandika kwamba mama anapiga kelele, "Mwanangu!", kisha kinanda kinanguruma. Nilikwenda nyumbani na karatasi zile kichwani. Asubuhi nilikuwa mferejini nikipiga gumzo na jirani, au tuseme yeye akipiga na mimi nikiitikia, mara nikageuza shingo kuelekea kwetu. Sikujua kwa nini nimegeuka. Kisha nikajua. Cherehani ya shangazi ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa sijaisikia asubuhi yote, niliisikia iliponyamaza. Na mlangoni kwetu, kweli, alikuwa amesimama mgeni na kitambaa chake kwapani. Niliweka debe chini nikacheka peke yangu, na jirani akaniuliza kama niko salama.

Nilimweleza Bwana Odero kwa vipande vipande: cherehani ishone tangu mwanzo wa mchezo, chini ya maneno yote, na mwisho isimame. Alitikisa kichwa. Tepu zetu zilikuwa na mvumo wa kutosha, alisema, cherehani ingemeza maneno. Tuweke mwanzo kidogo, kisha tuitoe, na mwisho tuitie tena kidogo ndipo ikome. Alikuwa anajua kazi yake na alichosema kilikuwa na maana. Akageukia mitambo. Mutinda na Njoki walikuwa pale, na nilimwona Njoki akifungua mdomo anisaidie, kisha akaufunga, akaningoja. Sauti yangu ilikuwa palepale tumboni ilipokaa siku zote. Niliivuta kama ndoo kisimani. "Bwana Odero," nilisema, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, "isipokuwepo muda wote, hakuna atakayeizoea. Na asiyeizoea hatasikia imenyamaza." Aligeuka. "Rudia." Nikarudia. Alipapasa kidevu, halafu akatazama mlango. "Basi tutaiweka nje kwenye ujia," alisema, "mlango tuuache wazi kidogo. Maneno yatapita mbele, yenyewe itakaa nyuma." Nilitaka kumkumbatia, lakini nilitazama akala zangu.

Kwa vile mimi ningekuwa miguu ya mwana, tulihitaji mtu wa kushona. Shangazi alikubali kwa sharti moja, kwamba atashona sare za wateja wake kweli kweli, si kukanyaga hewa. Cherehani ilikwenda kwa mkokoteni kutoka Mbotela, shangazi akitembea ubavuni ameishika kama mgonjwa, watoto wakifuata. Tulirekodi mchana, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukata. Njoki alikuwa amemsihi shangazi asibadilishe mwendo hata kidogo. Mutinda alikuwa amemwambia aache katikati ya mshono, si ukingoni. Shangazi akawaambia wote wawili kwamba alianza kushona wakiwa wananyonya. Mchezo ulikwenda vizuri ajabu. Cherehani ikazama, ikasahaulika. Nikaja na akala zangu kutoka mwisho wa ujia, hatua kwa hatua, nikasimama. Cherehani ikanyamaza, mshono nusu. Na shangazi akasema, kwa sauti safi, "Karibu!"

Bwana Odero alianguka juu ya meza. "Mama! Mama yangu!" Shangazi alijitetea kwa hasira. "Mtu amefika mlangoni, nikae kimya kama sina adabu?" Tulirudia mchezo wote. Hatua, kimya, na "Karibu!" tena, kabla hata hajajua amesema. Mutinda alikuwa ameuma kola ya shati. Tepu iliyobaki ilikuwa ya mara moja tu, na Bwana Odero alianza kulitazama sanduku la santuri. Hapo nikaona kijaluba cha pini juu ya cherehani. Shangazi alikuwa amekuja na mdomo mtupu kwa sababu alikuja ugenini, na ugenini mtu hajazi pini mdomoni. "Shangazi," nilisema, "shona kama uko nyumbani." Nikampa pini. Alinitazama, akazipokea, akazipanga midomoni moja moja kama kawaida yake.

Safari ile ya tatu nilikuja ujiani nikiwa sisikii hatua zangu. Nikasimama. Cherehani ikakatika, mguu ukiwa bado juu. Shangazi aliinua macho, akaniona, na midomo yake ikajaribu kusema lile neno, ikashindwa. Kimya kikakaa. Kisha, jambo ambalo hakuna mtu aliyemwambia afanye, alichukua mkasi uliokuwa mapajani akauweka mezani taratibu, tik, kama mtu anayemaliza kazi ya siku kabla ya jua kuzama. Ndani, Njoki alikuwa na lile neno lake, "Mwanangu!", kwenye karatasi. Hakulisema. Alivuta pumzi tu. Mutinda alikuwa na mkono juu ya kinanda, akauondoa. Bwana Odero aliiacha tepu izunguke, halafu akazima, na hakuna aliyezungumza mpaka shangazi alipotoa pini zake na kusema, "Karibu sasa."

Jumapili ya mchezo nilikaa kitandani nyuma ya pazia, sikutaka kuonekana. Redio zote za mstari wetu zilikuwa kwenye stesheni moja, madirisha wazi, mchezo ukitembea kutoka chumba hadi chumba. Nje akina mama walikuwa vibarazani, sufuria zikigongana, watoto wakigombana juu ya mpira wa makaratasi. Mwisho ukakaribia. Akala zikaja. Cherehani ikanyamaza katika madirisha yote kwa pamoja, na mtaa, jamani, mtaa nao ukanyamaza. Sufuria zikasimama. Kwenye kimya kile mtu mmoja akapiga redio yake kofi. "Betri zimeisha!" alilalamika. Na sauti ya mama, ya yule yule aliyemcheka meneja wa benki, ikamkemea: "Nyamaza wewe, mtoto amekuja!"

Hakuna aliyesema redioni kwamba mtoto amekuja. Nilikamata pazia kwa mikono miwili, pete zote zikalia, na shangazi upande wa pili akaniuliza kuna nini. Kamati iliniajiri. Sanduku tulilitunza pia, treni zake zilikuwa nzuri. Kiwanda cha sare shangazi alikitumia ujumbe mwenyewe.

Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, redioni, kisha kwenye filamu na matangazo, na siku hizi huja vijana waliosomea muziki na wengine waliosomea ubongo, wakiwa na kompyuta zinazochora milima na vilima kwa rangi. Nawapenda sana. Wanaponiuliza, huwaeleza kwamba la ubongo ni kujua msikilizaji amezoea nini, na la muziki ni kujua pa kukikata. Jumamosi ile kwa Njoki, ugomvi ulipokuwa juu kabisa, umeme ulipotea. Pampu ya maji ikanyamaza chini yetu. Wote watatu tuliinua vichwa kwa pamoja, hata Njoki na betri zake, na tukatazamana. Mutinda akatabasamu kwanza. "Haya," alisema, "nani alimfundisha?" Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na kwa mara hiyo moja nikawahi. "Shangazi," nilisema. Hakuna aliyenibishia.

Sasa ninawaomba nyinyi mlionisoma mpaka hapa. Kila nyumba ina sauti ambayo wenyewe hawaisikii. Ngojeni iliyopo kwenu inyamaze, muone mtageuza shingo kuelekea wapi, kisha mniandikie mniambie ilikuwa sauti gani na nani alikuwa amesimama mlangoni. Msijali tahajia. Nami nitawajibu, polepole.